Keki Iliyoliwa na Ng'ombe wa Mama Dorka

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Ijumaa, keki kubwa ya harusi ya Risper ilitoka kwenye oveni ya debe ikiwa na rangi ya matope. Niliigeuza, nikakata kipande kidogo upande wa chini ambako kisu kisingeacha alama, nikaonja. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia. Nilitafuna polepole kwa sababu wasichana wanane walikuwa wakinitazama mdomo, kisha nikameza kwa sababu Mama Dorka, mwenye jiko, hakupenda mtu ateme ndani ya nyumba yake.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki katika idara ya sayansi kimu, ambayo siku hizo tuliiita tu kazi za nyumbani. Mliniomba niandike niliyojifunza kabla sijasahau. Vyeo sitaviandika, vilikuja kwa barua, na barua zimo kwenye faili. Nitaandika kuhusu miaka ya sitini, na zaidi kuhusu Ijumaa hiyo, kwa kuwa mengi niliyofundisha baadaye yalipimwa kati ya saa tisa na robo na kuzama kwa jua. Lakini kwanza nirudi nyuma kidogo, mjue debe lilitoka wapi na mimi nilitoka wapi.

Sikuajiriwa kufundisha. Niliajiriwa kuwa karani wa stoo katika chuo kidogo cha walimu nje ya mji wa Migori. Siku yangu ya kwanza nilipewa ufunguo na daftari, nikaambiwa nihesabu kila kitu. Nilihesabu kwa siku tatu. Katika kabati la kazi za nyumbani nilikuta miiko minne, mizani ya jikoni iliyovunjika, vigurudumu sitini na viwili vya uzi, visivyo na uzi, na kitabu cha sayansi kisicho na jalada. Vigurudumu niliviandika kwenye daftari. Kitabu nilikisoma mara mbili, kwa kuwa jioni za Migori zilikuwa ndefu na mshahara ulikuwa mfupi.

Muhula wa pili, mwalimu wa kazi za nyumbani alirudi kwao. Mkuu wa chuo aliniita.

"Wewe una ufunguo wa kabati," alisema. "Shikilia darasa hadi mwingine aje."

Mwingine hakuja.

Kupika keki nilifundishwa na Mzee Zablon. Alikuwa amepikia wasimamizi wa mgodi wa dhahabu upande wa Masara kwa miaka mingi, na alipoacha kazi alihamia karibu na soko akawa anauza chai. Nilimwendea na daftari. Akalitazama kama mtu anayetazama chura.

"Karani, unataka kuandika keki?"

"Nataka kuandika vipimo, mzee."

"Vipimo viko kwa mkono. Andika mkono."

Hata hivyo alinifundisha. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kulaza debe la mafuta ya taa ubavu, kulikata mlango, kulitilia rafu ya bati, kuweka makaa chini na makaa mengine juu. Ndiye aliyenionyesha sufuria kubwa yenye mchanga sakafuni mwake, ambamo sufuria ndogo ya keki huketi juu ya mawe matatu, na makaa hupangwa juu ya mfuniko. Oveni yangu ya kwanza ilitengenezwa na fundi wa mabati kwa shilingi mbili na nusu, na alilalamika kwamba nimemsumbua kwa rula.

Kupima moto alikuwa na njia yake. Unanyunyiza unga kidogo juu ya kifuniko cha kopo, unakiingiza ndani, unahesabu. Unga ukiwa wa kahawia kabla ya thelathini, moto ni mkali; ukifika sitini bado mweupe, ongeza makaa. Wenye oveni za umeme mnacheka. Umeme ukikatika mtalitafuta hili daftari.

Siku aliyoniamini, alinipa mizani yake ya dhahabu. Ilikuwa ndogo, ya kukunja, yenye visahani viwili vya shaba vinavyotosha ukucha wa kidole gumba. Mawe yake ya kupimia yalikuwa yamepotea.

"Sasa unapimia nini?" niliuliza.

"Njiti za kiberiti," alisema. "Huko mgodini watu walipigana kwa sababu ya njiti moja."

Niliiweka kabatini, nikaiandika kwenye daftari la stoo kama mali isiyo ya chuo. Kwa miaka mitatu haikuwa na kazi.

Darasa langu lilikuwa la wanafunzi wasio na kitu, na hilo ndilo lililotufundisha. Nguzo za keki ya ghorofa zinauzwa mjini. Sisi tulichukua vigurudumu vya uzi, tukavivika karatasi nyeupe kwa gundi ya uji wa muhogo, na nguzo zikapatikana. Sukari ya aisingi ilikuwa ghali. Tulitwanga sukari ya kawaida kwenye kinu, tukaichekecha kwa kitambaa cha leso, tukarudia mara tatu. Maua tulikata kwa karatasi laini zinazofungia matunda dukani. Karatasi ya fedha ya kung'arisha ukingo tuliibandua ndani ya masanduku ya majani ya chai. Bomba la kupambia lilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama ya karanga, ncha ikakatwa kwa mkasi. Ukikata ncha kubwa, hutengenezi waridi, unatengeneza kabichi.

Risper alikuwa bora kwa mkono katika darasa lile. Alikuwa msichana wa upande wa Homa Bay, mpole, na aliyeshindwa karatasi moja tu ya mtihani wa ualimu. Ili airudie alihitaji shilingi hamsini na tano, ada pamoja na malazi, na alikuwa amezikusanya posta kwa mwaka mzima kwa kushona vitambaa vya meza. Kisha akachumbiwa. Mchumba alikuwa kijana mzuri, mwalimu. Shida ilikuwa shangazi yake.

Shangazi huyo, Min Ouma, yaani mama yake Ouma, alikuwa amelea watoto wa Wazungu Kisumu kwa miaka kumi na mbili, na aliporudi Homa Bay akaleta desturi. Katika ukoo ule, upande wa msichana ulileta keki, na shangazi wa bwana harusi ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya watu. Keki ya harusi iliyotangulia aliiita mkate, na jina likamganda yule bibi harusi. Alikuwa akiitwa Mkate hadi alipozaa.

Mwenye duka mmoja wa Homa Bay alileta keki kutoka Kisumu, akakubali kumwekea Risper hadi Jumapili ya harusi, saa mbili asubuhi. Bei ilikuwa shilingi hamsini na tano. Mnaona hesabu.

"Hutazitoa," nilimwambia. "Tutapika sisi."

"Mwalimu, Ijumaa nitazitoa posta nikae nazo," alisema. "Jumapili saa mbili nikiwa sijaona keki yenu, nalipa. Siwezi kuitwa Mkate."

"Na mtihani?"

Alitazama mikono yake. "Mtihani nitasema niliacha mwenyewe."

Alisafiri kwao Alhamisi. Wenzake wanane walichanga shilingi mbili mbili. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, jiko lake lina kufuli, kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwa Mama Dorka, mjane niliyepanga kwake. Alikuwa Msabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, moto wake ulizimwa, na Jumamosi hakuna kilichowashwa. Alitupa jiko kwa sharti hilo moja, na sikuona ugumu wowote, kwa kuwa nilipanga tumalize saa kumi.

Sasa mnajua yote niliyoyajua nikiwa na sabuni mdomoni.

"Nani alikoroga?" niliuliza.

Robi akasogea mbele. Alikuwa msichana wa Kegonga, mrefu, mchapakazi, ambaye hakuogopa kitu isipokuwa kukosea.

"Ni mimi, Mwalimu. Bekingi pauda ilibaki kijiko moja tu kwa kopo. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta mayai. Nikaona magadi ya Mama iko hapo kwa kikombe. Kwetu mama anaweka kwa mandazi, na inapanda."

"Uliweka kiasi gani?"

"Vile daftari yako imesema. Vijiko saba. Nililainisha juu na kisu kama ulivyotufundisha."

Mzee Zablon alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai. "Saba!" alisema. "Mimi nilipika maharagwe ya mgodi mzima na sikufika saba."

Kwa wasiojua, magadi hayo ni yale ya mawe, yanayotoka upande wa vilima vya Homa, na kila jiko la huku lina kikombe chake. Hulainisha mboga za kienyeji na maharagwe magumu. Robi hakuwa mzembe. Alifuata daftari langu kwa uaminifu mkubwa kuliko nilivyostahili, na mimi ndiye sikukagua kopo kabla ya kuondoka. Liandikeni hilo: kagueni kopo.

Robi alianza kulia juu ya unga uliobaki.

"Nyathina, mwanangu, sogea," Mama Dorka alimwambia. "Utalowesha unga na huo ndio mmebaki nao." Kisha akabeba ile keki yote, sinia na karatasi yake, akaitoa nje kwa ng'ombe.

Ng'ombe yule alinunuliwa soko la Ogwedhi na alikuwa na tabia za Ogwedhi, hakumwamini mtu. Lakini aliinusa keki mara moja akaivamia. Alikula yote, akala karatasi, akalamba sinia hadi likagonga ukuta. Wasichana walicheka wakilia.

"Mgeni wa kwanza wa harusi," alisema Mzee Zablon. "Na amesifu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebaki na nusu ya kile kipande changu mkononi, nikakiangalia ndani. Kilikuwa na vitundu vidogo, sawasawa, kama inavyotakiwa. Keki ilikuwa imepanda. Magadi yalikuwa yamefanya kazi yake vizuri, ila yalifika yakiwa mengi mno, na kilichozidi ndicho tulichoonja, na ndicho ng'ombe alichopenda, maana ng'ombe wa huku hutembea mbali kwenda kulamba mawe hayo.

Nilichukua kopo tupu la bekingi pauda nikasoma maandishi yaliyo nyuma. Yalitaja vitu viwili: magadi fulani, na unga fulani mchachu. Kile kitabu kisicho na jalada kilieleza kwamba vitu vya aina hizo mbili vikikutana na maji hutoa hewa, kisha huuana ladha. Robi alikuwa ametia kimoja. Hatukuwa na kichachu.

"Mama Dorka, una maziwa yaliyoganda?"

Alijua ninachotaka kabla sijamaliza. Kibuyu kilikuwa kimening'inia pembeni, kimejaa. "Hayo ni ya kesho," alisema. "Kesho sipiki. Hayo ndiyo chakula cha Sabato."

Nilikuwa na aibu kwamba nimeuliza. Alifuta mikono kwa leso yake, akakitungua kibuyu, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Kesho tutakula ugali baridi na mboga. Risper asiitwe Mkate."

Saa tisa na dakika arobaini nilituma msichana mmoja chuoni na ufunguo wa kabati, akimbie, alete mizani ya dhahabu. Alirudi baada ya robo saa, akitweta. Tulisaga magadi, tukayachekecha kwa leso. Unga uliobaki ulitosha keki mbili tu, kubwa na ndogo, na sikuwa na nafasi ya kubahatisha hata moja. Kwa hiyo tulijaribu kwanza katika kopo dogo la maziwa ya unga: nusu kikombe cha unga, maziwa yaliyoganda, na magadi yenye uzito wa njiti kumi za kiberiti. Robi ndiye aliyepima. Nilimpa kazi hiyo kwa makusudi. Pumzi yake ilivichezesha visahani.

"Shika pumzi," Mzee Zablon alimwambia. "Sisi tulishika pumzi."

Kopo la kwanza lilitoka saa kumi na dakika ishirini na tano. Bado kulikuwa na sabuni, lakini ya mbali. La pili tulilitia njiti sita. Tulilifungua saa kumi na moja kasoro dakika tano, nikamega, nikampa Mama Dorka kwanza kwa kuwa maziwa yalikuwa yake.

Alitafuna. Akamega tena.

"Hii ni keki," alisema.

Keki kubwa ilihitaji mara nane, yaani njiti arobaini na nane, na ndogo mara nne. Saa kumi na moja na robo zote mbili zilikuwa motoni, moja katika debe, nyingine katika sufuria ya mchanga. Kisha hakukuwa na la kufanya. Katika miaka yangu yote kazini hakuna kilichonichosha kama kutofungua mlango wa debe kwa dakika hamsini. Mama Dorka alisimama nje akitazama jua upande wa Tanzania. Saa kumi na mbili na dakika tano alirudi ndani.

"Mwalimu."

"Dakika tano, Mama."

"Jua halijui dakika zako."

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili nilichoma keki kubwa kwa kijiti cha ufagio, kikatoka kikavu. Ndogo ikafuata. Robi mwenyewe alimwagia makaa maji, na mvuke ukajaa jikoni hatukuonana. Jua lilikuwa bado limekaa juu ya kilima. Rangi ya keki ilikuwa ya kahawia kuliko ya kawaida, kwa sababu ya magadi, na hilo sikuweza kulitibu.

Jumamosi asubuhi mimi na Robi, sote Wakatoliki, tulizipanga keki katika sanduku la majani ya chai lililotandikwa nyasi kavu. "Sikuulizi unakwenda wapi," Mama Dorka alisema kutoka mlangoni, Biblia mkononi, "na wewe usiniambie." Tulipanda lori la mchuuzi wa samaki lililokuwa likirudi Homa Bay tupu. Robi alilipakata sanduku njia nzima, na kila shimo la barabara alilitaja kwa jina nisiloweza kuandika. Mchana ule, nyumbani kwa dada yangu aliyekaa Homa Bay, tulipaka aisingi, tukasimamisha vigurudumu vinne kati ya keki hizo mbili, tukapanga maua ya karatasi. Kasoro ilikuwa moja upande wa nyuma, tukaielekeza ukutani.

Jumapili saa mbili kasoro dakika kumi tulifika kwa kina Risper. Alikuwa amesimama langoni na viatu mkononi na zile pesa zimefungwa kwenye kitambaa, tayari kwenda dukani. Alitazama sanduku. Akavaa viatu vyake, akarudi ndani.

Min Ouma alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Wakati wa keki ulipofika alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakatiwa kipande.

"Hii rangi gani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo niseme jambo la kitaalamu, lakini Robi alinitangulia.

"Ni magadi, mama. Bekingi pauda ilituishia."

Watu waliguna. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Sisi tunapikia mboga, hawa wanapikia bibi harusi!" Kicheko kikapita, na nikamwona Risper akiinamisha kichwa.

Min Ouma aliweka kipande mdomoni. Alikitafuna kwa muda mrefu usio wa lazima. Kisha akachukua kipande cha pili, akakifunga katika leso yake, akakitia kwenye mkoba.

"Nimekula keki kwa Wazungu miaka kumi na mbili," alisema. "Wangeishiwa na unga wao wa kopo, wangekula mkate." Akamgeukia Robi. "Wewe msichana mrefu, uliweka ngapi?"

"Uzito wa njiti arobaini na nane, mama."

"Njiti!" Akacheka hadi miwani ikateremka. "Haya, kateni. Watu wana njaa."

Robi alifundisha kwao Kegonga hadi alipostaafu, mwaka mmoja kabla yangu. Mzee Zablon alifariki akiwa bado anasema vipimo viko kwa mkono, ingawa kila aliponitembelea aliuliza habari za mizani. Sasa imo katika kabati la idara, rafu ya juu, pamoja na kiberiti. Risper alirudia karatasi yake, akapita, na aliifundisha nusu ya Homa Bay kusoma.

Alikuja kwenye sherehe yenu ya kuniaga. Keki mliyonunua ilikuwa nzuri, ingawa sukari ilizidi. Nilimwonyesha daftari langu la zamani, ukurasa wa Ijumaa hiyo, ambapo niliandika hivi: keki ya kuagiza, 55.00, keki yetu, pamoja na ile ya ng'ombe, 17.40; wasichana walitoa 16.00, mimi 1.40, iliyookolewa, 37.60. Alisoma akiwa amelishika daftari mbali, kama tunavyosoma siku hizi. Kisha akaomba kalamu, na baada ya miaka yote ile akanisahihishia hesabu. Aliandika chini yake, kwa mwandiko wake ule ule mzuri wa ubaoni:

"Mwalimu, mimi sikutoa hata senti. Jumatatu nilizirudisha posta zote. Iliyookolewa, 55.00."